Bwana Toileti wa London

Fungeni milango kwanza, halafu sikilizeni, ingawa huyu ninayetaka kuwaeleza habari zake hakuhitaji mlango. Yeye aliingia kwa watu kupitia puani.

Aliitwa Wepukhulu, na alikuwa boi wa nyumba kwa Kaburu mmoja ng'ambo ya mto Sosiani, enzi zile Eldoret ikiitwa Sisibo na kila mwanamume amening'iniza kipande cha serikali shingoni kama mbuzi na kengele yake. Hakufukuzwa kwa wizi. Alifukuzwa kwa ulimi. Alikuwa akimwambia mpishi kwamba bwana amesema, na kumwambia bwana kwamba mpishi amesema, mpaka siku bwana na mpishi walipokutana jikoni wakasemezana wenyewe.

Siku ile anafunga virago, memsaab alikuwa akisafisha kabati la mumewe. Akatupa kwenye debe la takataka chupa moja ndefu ya kijani, ndani imebaki kidogo. Wepukhulu aliijua chupa hiyo vizuri kwa kuwa aliipangusa vumbi kila asubuhi. Memsaab aliiita toileti wota. Bwana alijipaka hayo maji kila Januari jua likianza kuchoma, halafu akatoka nje ananukia kama ndimu iliyopasuliwa sasa hivi. Wepukhulu akatazama huku, akatazama kule, akaiokota, akaifuta majani ya chai kwa mkono wa shati, akainusa. Mwingine angeona chupa. Yeye aliona kampuni nzima.

Mtu wa kawaida angeyauza yale marashi: tone kwa yai, tone kwa yai, yakiisha yameisha. Huo ni uchuuzi, na Wepukhulu aliiheshimu sana akili yake, hakutaka kuitesa kwa uchuuzi. Aliamua kutouza hata tone. Angeuza kazi ya kunusa.

Alianzia barazani kwa fundi Khisa, aliyeshona na kupiga pasi mbele ya duka la Mhindi. Khisa alikuwa mtu wa kwao Wepukhulu, wa upande uleule, ukoo uko jirani na ukoo, kwa maana mjanja mwenye busara huanza na wa nyumbani. Mgeni huuliza maswali. Wa nyumbani huuliza tu habari za mvua. Siku hiyo pale barazani alikuwapo pia Kimutai, kijana wa kutoka mashamba ya barabara ya Moiben, aliyekuja kupimwa koti la harusi. Viatu vyake vilikuwa na samadi kavu, na gotini alikuwa na alama ya kwato. Wepukhulu aliyaona hayo yote kabla hajasema hujambo.

"Ndugu zangu," akaanza, ameishika chupa kwa leso kama padre anavyoshika kikombe, "kule Ulaya kuna kampuni imetengeneza marashi ya wanaume, ya wakati wa sama."

"Sama ndiyo nini?" Khisa akauliza, pini ziko mdomoni.

"Kiangazi cha Wazungu."

"Sisi kiangazi tunanuka vumbi."

"Ndiyo sababu wamenituma huku. Wanataka kujua, vumbi la Sisibo na marashi yao vikikutana, nani atamtoa mwenzake. Basi wanatafuta wapimaji. Mpimaji anakaa kwa kiti, anapakwa, ananusa, anasema amesikia nini. Habebi gunia. Hapigi pasi." Akageuka kidogo. "Hakamui. Hapigwi teke na ng'ombe."

Kimutai akalishika goti lake bila kujua.

"Halafu anapewa nini?" Khisa akasema.

"Baiskeli. Koti. Kofia."

"Kofia ya nini na kazi inafanywa na pua?"

"Jua lisiingie puani."

Khisa akatoa pini mdomoni. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ameanza kuamini, maana mtu anayebisha hutunza pini zake.

"Hapo kwa chupa imeandikwa nini?" Kimutai akauliza.

"Jina la mwenye kampuni. Bwana Toileti, wa London."

Khisa alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyewahi kumshonea Bwana Toileti suruali. "Toileti," akasema. "Huyo nimemsikia. Huyo ni mkubwa."

Basi upimaji ukaanza. Wepukhulu akageuza chupa, akagusisha kizibo kwenye kiganja cha Khisa kwa uchoyo mkubwa. Khisa akanusa.

"Ndimu."

"Ndimu? Hata mama wa sokoni atasema ndimu. Wewe ni mpimaji. Ndimu ya namna gani?"

Khisa akafumba macho, akanusa mpaka kola ikatikisika. "Ndimu... iliyovaa tai."

"Hapo sasa umesema. Na wewe, kijana?"

Kimutai akapakwa shingoni na nyuma ya masikio. Uso ukamlegea. "Mimi nasikia machungwa," akasema. "Halafu majani ya asubuhi, yakiwa bado na umande. Halafu nasikia kama naitwa."

"Unaitwa na nani?"

"Simjui. Lakini ni mtu mwenye viatu vizuri."

Wepukhulu akajipangusa jicho ambalo halikuwa na chozi. "Kijana, pua kama hiyo inakamua ng'ombe? Wewe si mpimaji. Wewe ni Mpimaji Mkuu. Sasa iko jambo dogo tu, na mimi hata naona aibu kulisema. Bwana Toileti ameshatorokwa na wapimaji, watu wanapakwa halafu wanaenda kunukia kwingine. Kwa hivyo kila mmoja aweke dhamana, kitu anachokipenda, na siku ya kuanza kazi anarudishiwa. Mpimaji wa kawaida anaweka pasi, anaweka kuku. Mpimaji Mkuu anaweka kitu cha miguu minne."

"Mbuzi?" Kimutai akauliza kwa matumaini.

"Mbuzi ana harufu yake mwenyewe. Ataharibu kipimo."

Khisa akaitazama pasi yake ya makaa kwa huzuni, akaisukuma mbele, na juu yake akaahidi kuku.

"Na jambo la mwisho," Wepukhulu akasema akifunga chupa. "Mwanamke asinuse. Akinusa, atamfuata aliyepakwa mpaka kwao, na kampuni haitoi mahari."

Wewe mwenye mtoto wa kiume, hapo usicheke haraka. Kijana hajui kwamba amekamatwa kwa sababu kamba yenyewe inanukia.

Kimutai alifika kwao jioni, kwenye kile kibanda alichokaa na mama yake katika shamba la mzungu, akaenda moja kwa moja kukamua. Ng'ombe wao mkubwa, Chelel, hakuwa wa mateke kama wale wa mzungu; alikuwa mpole kiasi kwamba kuku walilala mgongoni kwake. Jioni hiyo aligeuza kichwa, akamnusa Kimutai shingoni, akafikiri, akamrusha na ndoo yake mpaka kwenye ua.

Mama yake, Jepkemboi, mjane aliyemlea kijana huyo kwa maziwa ya Chelel tangu baba yake afariki, alitoka nje na kibuyu mkononi.

"Umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu, mama."

"Ng'ombe hana sababu ya kusema uongo."

"Ni marashi ya kazi. Na wewe usiyanuse."

"Nikiyanusa?"

"Utanifuata mpaka kwetu."

"Kwetu ni hapa."

Kimutai akaiokota ndoo, akaenda kulala. Jepkemboi alibaki amesimama karibu na zizi. Alikuwa anamwangalia mtamba wa kahawia aliyezaliwa na Chelel. Mtamba yule ndiye aliyekuwa ndoa yenyewe. Alikuwa ameahidiwa wakwe wa Cheptiret, kwa Mzee Kipyego, na Jumapili inayokuja walikuwa wanakuja kumtazama kwa macho yao. Wakimkuta, Sarah, binti wa Mzee, angekuwa mke wa Kimutai. Wasipomkuta, wangerudi na neno lao, na kule Cheptiret kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule, mwenye saa ya mkononi, aliyekuwa akingojea jambo hilo tu.

Ijumaa alfajiri, zizini alikuwapo Chelel peke yake, analia.

Jepkemboi hakupiga mayowe. Mayowe huwaita watu, na watu wangefika Cheptiret kabla ya mtamba. Alijifunga shuka, akajaza kibuyu maziwa ya mursik, akashika njia ya mjini. Alipofika barazani kwa fundi Khisa aliwakuta wanaume wawili wazima wamekaa bega kwa bega kwenye benchi, pua zimefungwa kwa leso zilizopigwa fundo kisogoni. Mmoja alikuwa fundi. Mwingine alikuwa mtoto wake.

"Meno yanauma?" akauliza.

"Tunapumzisha pua," Kimutai akasema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Mpaka Jumatatu. Wepukhulu amesema pua ikichoka haipimi."

"Mtamba yuko wapi?"

Kimutai akaangalia viatu vyake. "Ni dhamana, mama. Atarudishwa."

"Nani amesema?"

"Bwana Toileti."

"Umemuona?"

"Jina lake liko kwa chupa."

"Mama, usiwe na wasiwasi," Khisa akadakia. "Mimi nilikuwa shahidi. Amemtoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiari, na kuku wangu yuko pale pale pamoja naye."

Maneno hayo yalimchoma Jepkemboi kuliko yote. Akienda kwa chifu, chifu angeuliza: ameibwa au ametolewa? Na shahidi angesema ametolewa. Kilichotolewa kwa mkono hakirudi kwa kelele. Kingerudi kwa mkono vilevile.

"Basi pumzisheni," akasema. "Zinahitaji."

Aliulizia njiani, akamkuta Wepukhulu kwenye lokesheni, mtaa wa Waafrika nyuma ya reli, ameegemea mlango wa chumba chake na kutafuna mfupa wa kuku. Shahidi alikuwa amekosea kidogo kuhusu kuku. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Wepukhulu alikuwa akimngojea mchinjaji wa mjini, aliyeahidi kufika kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo treni ya mizigo ya kwenda upande wa Turbo ingempokea Wepukhulu kama mwana mpotevu.

"Maziwa, baba?" Jepkemboi akasema kwa sauti ya kinyenyekevu.

"Karibu, mama. Mimina, mimina. Mtu wa kampuni hapati muda wa kula."

Mtamba akanyoosha shingo, akaanza kumlamba Jepkemboi mkono.

"Anakupenda huyu," Wepukhulu akasema.

"Ng'ombe wanajua kunusa watu."

Akammiminia. Na wakati akimimina aliiona chupa dirishani, ya kijani, imewekewa leso chini yake kama sanamu ya kanisani. Jepkemboi hakuwa amesoma shule. Katika Kizungu chote, alijua neno moja tu la kuandikwa, na alifundishwa siku moja stesheni alipokuwa amepeleka maziwa na mvua ikamkuta. Alisukuma mlango mmoja ajikinge. Karani akamkemea mbele ya abiria wote, akamshika bega, akamwonyesha kibao juu ya mlango herufi baada ya herufi: hapa ni choo, mama, na ni choo cha Wazungu. Neno ulilofundishwa kwa aibu halisahauliki. Sasa lilikuwa pale dirishani, kwenye chupa, herufi zilezile: T, O, I, L, E, T.

Alikaribia kucheka. Badala yake akashika kifua.

"Baba," akasema polepole, "hayo maji ya choo ni yako?"

"Maji ya nini?"

"Ya choo. Si imeandikwa hapo."

Wepukhulu akatabasamu kwa huruma. "Mama, hilo ni jina la mtu. Memsaab wangu alikuwa akilitaja kila siku. Toileti wota."

"Sawa, baba. Mimi sijasoma." Akafunga kibuyu chake, akajifanya anaondoka, akasimama. "Ni kwa vile tu nimesikia huko stesheni Bwana Afya anatafuta mtu. Wanasema iko mtu anazunguka na chupa ya maji ya choo cha Wazungu, anawapaka watu shingoni. Wanaogopa tauni. Akipatikana ananyolewa, halafu anatumbukizwa kwa dipu, ile ya ng'ombe, mpaka kichwa. Mara mbili. Lakini wewe yako ni jina la mtu. Kwaheri."

"Ngoja, mama." Mfupa wa kuku ulikuwa umeanguka. "Huko stesheni, hiyo choo, iko na jina?"

"Iko kwa mlango. Maandishi meupe. Mtu anaweza kwenda kuangalia tu. Si mbali."

Hapa ndipo naomba msomaji amwonee Wepukhulu huruma kidogo, kama atakuwa nayo ya kubakiza. Alikuwa amedanganya watu kwa Kizungu miaka mingi, na hakuna anayeogopa Kizungu kama yule anayekitumia bila kukijua. Aliichukua chupa, akaificha kwapani. Akaangalia njia ya mchinjaji, akaangalia njia ya stesheni, akaangalia mtamba.

"Mama, nishikie hii kamba. Akija mchinjaji mwambie angoje, nakuja sasa hivi."

"Nitamshika kama wangu," Jepkemboi akasema.

Wepukhulu akampa kamba kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiari. Kilichokosekana ni shahidi tu, na Jepkemboi hakumngojea; alimfungua mtamba, akaondoka naye.

Yaliyotokea stesheni yalisimuliwa na wachukuzi wa mizigo, na kila mmoja aliongeza chumvi yake, lakini kwa mambo haya walikubaliana. Kwamba mtu mmoja alikuja ananukia ndimu. Kwamba alisimama mbele ya choo cha Wazungu, akainua chupa karibu na kibao, akawa analinganisha herufi na herufi, midomo inacheza, kama mtu anayetambua mapacha. Kwamba alipofika herufi ya mwisho alirudi akaanza upya na ya kwanza. Na kwamba wakati huohuo mlango ulifunguliwa na akatoka mzungu mnene, amevaa kofia ya jua na kaptura, akiwa bado anafunga mshipi.

Huyo mzungu alikuwa mkulima tu aliyekuja kupokea jembe lake la trekta. Lakini kwa Wepukhulu, mtu mwenye kofia kama ile anayetoka mahali kama pale angekuwa nani tena?

"Bwana Afya," akasema, akipiga saluti kwa mkono usiofaa, "hii si yangu. Ni ya Bwana Toileti wa London. Na mimi simjui."

Akamsukumia chupa mkononi. Treni ya mizigo ilikuwa imeanza kusogea. Wepukhulu alikimbia, akapanda juu ya magunia ya mahindi, na kwa mara ya mwisho Sisibo ikamwona amelala kifudifudi, amefunika kichwa kwa mikono miwili, nywele zake akizihurumia.

Mzungu alibaki na chupa. Akaisoma. Akafungua kizibo, akanusa, akainua nyusi kwa furaha. Halafu, mbele ya stesheni nzima, akamimina kiganjani yote yaliyobaki, akajipaka mashavuni, shingoni, na mpaka kwapani ndani ya shati.

Habari ilifika barazani kwa Khisa kabla mtu huyo hajakauka. "Mzungu amejipaka maji ya choo," mchukuzi mmoja akasema akihema, "na ametabasamu."

Kimutai alifungua leso puani taratibu. Khisa alifungua yake, akautazama mkono wake uliopakwa, akauweka mbali naye kama mkono wa jirani. "Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema. "Hiyo ndimu ilikuwa na jambo."

"Ulisema imevaa tai," Kimutai akamkumbusha.

Khisa alikwenda mbio chumbani kwa Wepukhulu, akaikuta pasi yake salama. Mchinjaji alipofika alimkuta Khisa peke yake, ameshika pasi na mabawa ya kuku, akaondoka bila kuuliza.

Ilikuwa baadaye sana ambapo mtu anayejua Kizungu cha vitabuni alieleza kwamba maneno yale mawili, toileti wota, yana maana nyingine, kwamba Wazungu wenyewe huita hivyo marashi mepesi ya kujipaka mtu akishaoga. Katika hadithi nzima, basi, mmoja tu alikuwa amesema kweli, nayo ni chupa. Jepkemboi naye akaambiwa.

"Basi hilo la choo nilidanganya bila kujua," akasema. "La Bwana Afya nilijua."

Lakini hayo yalikuwa bado. Ijumaa ile alirudi nyumbani na mtamba mbele na kijana nyuma. Jumamosi kutwa Kimutai alisuguliwa mtoni kwa majivu, kwa mchanga, kwa majani ya senetwet, mpaka ngozi ikalalamika. Ndimu haikutoka. Memsaab alikuwa ametupa chupa, lakini marashi yenyewe hayakuwa ya kutupa.

Jumapili wakwe wakafika. Mzee Kipyego alimzunguka mtamba, akampapasa mgongo, akamtazama meno, akatoa sauti ndogo ya kuridhika. Halafu akampita Kimutai, akasimama, akanusa hewa.

"Kuna mtu anakula ndimu hapa?"

Kimutai akarudi nyuma hatua moja. Sarah, nyuma ya shangazi zake, aliinua uso.

"Ni kikohozi, Mzee," Jepkemboi akasema. "Tulimpa ndimu nyingi."

"Vizuri," Mzee Kipyego akasema. "Kijana anayesikia dawa ya mama yake atasikia mengine." Na akanyoosha mkono apokee kamba.

Kwa hiyo ndoa ikasimama, na wewe kijana usomaye usije ukasema mbona mambo yaliisha vizuri. Yaliisha vizuri kwa sababu mama yake siku moja alinyeshewa na mvua. Wewe mama yako anaweza kuwa hajawahi kukemewa mlangoni kwa mtu. Akija mwenye leso na chupa na kofia ya kukinga pua, mwache apite, na mtamba wako umfunge kamba mbili.

Jioni ile, wageni wakiwa wanaaga, Kimutai alitaka kuwaonyesha wakwe kwamba yeye ni mtu wa kazi. Akachukua ndoo, akiwa amevaa lile koti jipya la harusi, akaenda kukaa ubavuni mwa Chelel. Watu wakageuka kumtazama. Ng'ombe akageuza kichwa, akamnusa nyuma ya sikio, akashuka shingoni, akarudi sikioni, bila haraka, kama mwalimu anayesoma mtihani wa mtoto wa rafiki yake.

Halafu akamrusha na ndoo yake mpaka kwenye ua, miguuni pa Sarah.

Mpimaji wa kweli wa marashi, katika Sisibo yote, alikuwa mmoja tu. Alinusa mara mbili, jibu lake lilikuwa lilelile, na hakuomba kofia.